Bunduki Tupu ya Mzee Nderitu

Mimi lile somo sikulitaka tangu siku ya kwanza, na walimu wenzangu ni mashahidi. Nilikuwa nikifundisha kilimo katika shule moja ya upili kwenye barabara ya Ndalu. Kazi yangu ilikuwa vidato vitatu, sungura wa shule arubaini na wawili, na kumvumilia mwalimu mkuu ambaye hajawahi kukutana na tatizo lisilohitaji kamati.

Tatizo la mwaka huo, 2005, lilikuwa nyusi za Khisa. Khisa wa kidato cha tatu alikuwa amejitengenezea bunduki kwa kipande cha bomba na ujuzi wa kubahatisha, akaenda nayo nyuma ya bweni kuwinda kware. Kware hakuguswa. Bomba lilipasuka, moshi ukatanda, na Khisa akatoka humo mzima kabisa ila nyusi zote mbili zimekwenda. Jumatatu alikuja gwarideni amejichorea nyingine kwa kalamu ya buluu.

Bwana Wabwile, mwalimu mkuu wetu, mwenyeji wa Malakisi, ni mtu anayekasirika kwa utaratibu. Hakupiga kelele. Aliita mkutano wa wazazi, akavaa tai, akatangaza kwamba kuanzia muhula huo kila mwanafunzi atasoma usalama wa bunduki na uwindaji, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na asiyepata cheti haingii kidato cha nne.

"Lakini kuwinda kulikatazwa na serikali," nikasema. "Tangu mwaka wa sabini na saba, Mwalimu."

"Ndio maana ni razima wafundishwe, Madam," akanijibu. "Mtu atajuaje asiwinde, na hata hajui kuwinda ni kufanya nini?"

Mama Phelista, ambaye ana watoto watatu pale shuleni na hofu hajui, akasimama. "Mimi nimeuza mahindi ati mtoto asome. Kumbe mnamfundisha ujambazi, na mnampatia na cheti?"

Ndung'u, jirani yetu kule Saboti ambaye hubeba maziwa kwa pikapu yake, yeye alitaka kujua kitu kimoja tu. "Hiyo kitu itakuja kwa mtihani wa KCSE?" Akaambiwa haitakuja. "Sasa ni ya nini, bana?" akasema, akaketi. Somo likapita hivyo hivyo, kwa sababu kuku wa wageni alikuwa anapoa.

Mkufunzi alipatikana upesi: Sajenti Chepkorir, mwanamke mrefu aliyestaafu kazi ya polisi, mwenye sauti inayoweza kusimamisha ng'ombe. Kilichokosekana ni bunduki. Sajenti alirudisha yake siku aliyostaafu, na alisema wazi kwamba hafundishi bunduki kwa kijiti cha ufagio. Tukakaa chumba cha walimu tukiwaza, na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

"Sisi nyumbani tunayo," nikasema.

Nilikuwa najigamba, sina haja ya kuficha. Nina miaka thelathini na miwili, mume sina, msiniulize, na vitu vya kujigambia katika kile chumba cha walimu havikuwa vingi. Lakini maneno yalipotoka tu nikatamani kuyarudisha. Baba yangu, Mzee Nderitu, alinunua shamba letu mwaka wa 1966 kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Alinunua ekari kumi na tano, ng'ombe watano, meza ya mvule na bunduki ya mitutu miwili iliyokuwa imesimama nyuma ya mlango. Toka siku hiyo yeye si Nderitu tena. Saboti yote inamwita Mzee Bunduki. Ndiye mwenyekiti wa maji, ndiye mwenyekiti wa mazishi, na tumbili wakiingia mahindi ya mtu ndiye anaitwa. Huenda na bunduki begani, akasimama mwisho wa shamba akatazama. Tumbili huondoka, kwa sababu wakati huo watoto wote wa kijiji wanapiga mabati nyuma yake, lakini sifa huenda kwa Baba.

Tena watu husema aliua chui. Baba mwenyewe hajawahi kusema hivyo hata siku moja. Yeye hunyamaza tu, na hakuna mtu anayejua kunyamaza vizuri kama Baba.

Sisi wa nyumbani tulijua ukweli. Ile bunduki haijawahi kulia. Kila mwaka Baba alikwenda Kitale na cheti chake cha bunduki kupigwa muhuri, bunduki akaiacha nyumbani, ati barabara ina vumbi. "Haina kitu," alituambia tangu utotoni, na sisi tukaichukua kama kifaa kingine cha nyumba. Mama aliangulia maparachichi nayo. Mvua ikinyesha ilitegemeza mlango wa ghala. Siku wageni walipokuja kumposa dada yangu Nyambu, ililazwa mezani katikati ya chai na mandazi ili wajue wamefika kwa watu. Kaka yangu Gathii alipokuwa na miaka saba alinielekezea kichwani karibu kila jioni, akavuta na kusema "Paa!", na mimi nilitakiwa nianguke. Nisipoanguka vizuri, tunarudia.

Kwa hiyo nilichokuwa naogopa kilikuwa kimoja tu: Baba achekwe. Bila hiyo bunduki yeye ni mzee wa miaka sabini na minne mwenye magoti mabaya. Niliona atasimama mbele ya vijana tisini, aulizwe inavyofunguliwa, na jina la miaka yote hiyo liishe siku moja baada ya maharagwe na mahindi.

Nilijaribu kumzuia. Nilimkuta uani anaipangusa kwa shati kuukuu.

"Baba, unaweza kuwaambia magoti yanauma."

"Magoti hayafundishi, Maitu," akasema. Huniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na hiyo hufanya iwe vigumu sana kubishana naye. "Nitawaonyesha tu. Kwani wataiuma?"

"Watauliza maswali."

"Nitanyamaza," akasema.

Ijumaa ilipofika alivaa koti la harusi yake na kofia. Bunduki aliivingirisha kwa blanketi, akailaza juu ya madebe ya maziwa kwenye pikapu ya Ndung'u, mdomo wake ukielekea mgongo wa Ndung'u kutoka Saboti hadi shuleni. Ndung'u alikuwa akipiga mluzi njia nzima.

Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na nyasi mbele ya madarasa, na mbele yao meza moja. Baba aliposhuka na lile blanketi walisimama wote bila kuambiwa, na Bwana Wabwile akamtambulisha kwa dakika kumi, chui akiwamo. Bilha, mpishi wa shule, alitoka jikoni na mwiko wake mkononi asikilize. Nilimwona Baba akinyooka kidogo kidogo, kama shati linalopigwa pasi, na roho ikaniuma.

Sajenti Chepkorir alimsalimia kwa heshima, akapokea blanketi kwa mikono miwili. Kisha uso wake ukabadilika. Aligeuza mdomo wa bunduki kuelekea kichuguu kilichokuwa upande wa msitu, mbali na watu.

"Sheria ya kwanza," akawaambia wanafunzi. "Bunduki tupu hakuna, mpaka umeifungua na macho yako yameona. Mzee, hii iko na kitu?"

"Haina kitu," akasema Baba.

"Ulifungua lini mara ya mwisho?"

Baba akanyamaza. Lakini Sajenti naye alikuwa anajua kungoja.

"Mama, ya nini kufungua kitu haina kitu?" Baba akasema mwishowe.

Wanafunzi wa nyuma wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kitambaa changu. Sajenti hakucheka. Alisukuma ule mkono mdogo wa kufungulia, ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Akamtuma Bilha jikoni kuleta mafuta ya kupikia, akawaamuru wanafunzi wote warudi nyuma hadi ukutani na walale chini, na aliposema walale, Bwana Wabwile alilala pia, na tai yake.

Mafuta yakamwagwa. Tukangoja. Ndung'u, aliyekuwa ameegemea pikapu yake, alikuwa anatafuna muwa. Kisha kitu kikasema "kra!" na bunduki ikakunjika katikati, mara ya kwanza tangu Mzungu aondoke. Sajenti akaingiza kidole, akachungulia, akatoa kitu cha rangi ya udongo chenye kitako cha shaba iliyooza kijani. Akakiweka juu ya meza. Akaingiza kidole tena upande wa pili, akatoa cha pili.

Ndung'u alitazama zile risasi, akatazama pikapu yake, akajishika mgongoni, akaketi chini penye tope.

Mimi nilianza kuhesabu watu. Sikutaka, lakini zilikuja zenyewe zile sura: Nyambu na wageni wa posa mbele ya mandazi, Mama chini ya mparachichi, wajukuu wakicheza mlangoni mwa ghala, Gathii na "Paa!" yake jioni baada ya jioni.

"Kwa nini haikulia?" nikauliza.

Sajenti alikuwa anachunguza kifyatulio. "Iko na kifungo cha usalama hapa juu. Kimeshikwa na kutu, hakisongi. Huyo Mzungu aliifunga akaiacha, na kutu ikamalizia." Akamgeukia Baba, na hakusema kwa ukali. "Mzee, hii kutu ndiyo imekulelea watoto."

Bwana Wabwile ni mtu mwema, hilo nitalisema popote. Alikuwa ameinuka pamoja na wanafunzi, nyasi kwenye tai, na aliona kile nilichokuwa nakiona mimi: mzee amesimama peke yake katikati ya uwanja, kofia mkononi, watoto wa watu wakimtazama. Akapiga makofi.

"Wanafunzi!" akapaza sauti. "Mmeona? Mzee alikuwa anawapima! Alijua lisasi ziko ndani! Hii ilikuwa ni sehemu ya somo. Mpigieni Mzee makofi!"

Wakapiga, tena kwa nguvu. Khisa alipiga mluzi wa vidole. Baba alikuwa amefunguliwa mlango, na alichohitaji ni kuingia tu. Nilimwomba Mungu amnyamazishe Baba. Kati ya siku zako zote, nilisema moyoni, Baba, nyamaza leo tu, kama unavyojua.

Makofi yalipokwisha akaweka kofia juu ya meza, kando ya zile risasi.

"Mwalimu, asante," akasema. "Lakini hiyo si kweli. Mimi sikujua."

Akawageukia wanafunzi.

"Miaka thelathini na tisa nimelala nayo nyumba moja. Mtu akiniuliza, namwambia haina kitu. Nani aliniambia haina kitu? Hakuna. Ilikuwa nyuma ya mlango, imenyamaza, nikaona ni tupu. Na kuifungua niliogopa. Si risasi niliogopa. Niliogopa mtu anione nikishindwa kuifungua. Mzee Bunduki, na hajui bunduki inafunguliwa wapi."

Msichana mmoja, Wilkista, akainua mkono. Ni yule mwanafunzi anayeuliza hata kengele ikishalia. "Na yule chui, Kuka?" akauliza, yaani babu kwa Kibukusu.

"Chui alikufa na uzee. Mimi nilimkuta amelala njiani nikitoka kununua chumvi. Watu wakafika, wakaona mimi na chui, wakaanza kunipongeza." Akakuna kichwa. "Sikuwakatiza."

Hapo wakacheka. Uwanja mzima ulicheka, Bilha akipiga paja kwa mwiko, na hata Sajenti aligeuka kando mabega yakitikisika. Ndicho kile nilichokiogopa, na kilikuwa kinatokea mbele yangu, na mimi nimesimama tu kama mti. Baba hakuondoka. Alingoja wamalize, kama anavyongoja mvua ipite.

"Mcheke," akasema. "Sasa mnaona huyu mwalimu wenu wa sungura? Alipokuwa mdogo hivi, ndugu yake alimwekea hii kitu hapa." Akaweka kidole kwenye kipaji cha uso wake mwenyewe. "Kila siku. Nilikuwa nimekaa kwa kiti, nasoma gazeti. Nilikuwa nawaambia wasipige kelele."

Kicheko kilikufa. Akachukua kofia yake akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wanafunzi. Khisa akasogea ampe nafasi. Sajenti akasafisha koo, akasema somo linaendelea, na nikaona kwamba hata wale wa nyuma walikuwa wameanza kuandika. Sijawahi kuona watoto wakiandika hivyo katika somo langu la mbolea.

Baada ya kipindi, Sajenti na Baba walikwenda na bunduki Kitale kuikabidhi polisi, kwa gari la shule, kwa sababu Ndung'u alikataa kabisa. Mimi niliwafuata kama shahidi. Baba alitia sahihi karatasi tatu kwa mwandiko wake wa taratibu, na alipoulizwa kama anataka irudishwe ikishakarabatiwa, akatikisa kichwa. Alitoka na blanketi limekunjwa kwapani. Njiani hakusema kitu, na safari hii hakuwa akinyamaza vizuri.

Tulifika nyumbani jua likielekea kushuka. Mama, Gladwell jina lake, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nilimweleza mimi, kwa sababu Baba alipita moja kwa moja hadi uani. Nilieleza yote, risasi mbili, kifungo, kutu. Mama alisikiliza bila kunikatiza. Kisha alitazama mparachichi kwa muda mrefu sana.

"Nyaruai," akasema, "mimi nilikuwa naishika upande gani?"

Nikashindwa kujizuia. Nilicheka hadi machozi yakatoka, naye akacheka, tukashikana pale mlangoni na sukuma wiki ikamwagika. Halafu sikuweza kusema tena ni lini kucheka kuliisha na kulia kukaanza, kwangu au kwake.

Niliingia jikoni kuwasha moto. Kupitia dirishani nilimwona Baba amekaa uani kwenye kigoda, amenipa mgongo, na mkononi ana ile simu ambayo Ngige, kitinda mimba wetu, alimletea kutoka Eldoret. Baba hapigi simu. Yeye hupigiwa, akaishika mbali na sikio na kupaza sauti ili ifike. Sasa alikuwa anabonyeza namba moja moja, akisoma kwenye daftari aliloliweka gotini.

"Gathii!" akapaza. "Ni baba yako. Uko mzima? ... Nauliza wewe, uko mzima? ... Hapana, hakuna mtu amekufa. Haya."

Akabonyeza tena. "Ngige! Uko mzima? ... Si ng'ombe, wewe! Nauliza wewe. ... Haya, basi."

Akabonyeza tena. Nyambu, kule Thika, bila shaka alifikiri Mama ametutoka, kwa sababu nilisikia Baba akisema, "Wacha kulia! Mama yako anachambua mboga! Mimi nataka tu unijibu. ... Na watoto? ... Wote? ... Haya."

Akapindua ukurasa. Akabonyeza polepole zaidi, na simu yangu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Nikaipokea.

"Maitu," sauti yake ikasema, mara mbili, kwenye simu na dirishani. "Uko mzima?"

"Baba, niko hapa jikoni. Nakuona."

"Sijauliza uko wapi."

Mgongo wake haukugeuka. Niliweka kuni chini kwanza.

"Niko mzima, Baba."

"Haya," akasema. Hakukata simu, na mimi sikukata.